Mbishi na Mtihani wa Sauti Mbili

Mdogo wangu wa kike tunamwita Mbishi. Jina lake la cheti lipo, linatumika chuoni na hospitalini, lakini nyumbani ukimwita kwa jina hilo hageuki. Mama ndiye aliyembandika, siku mtoto alipokataa kunywa dawa ya minyoo mpaka aelezwe mnyoo unaingilia wapi. Hakuwa amefika hata kimo cha meza. Mama alianza kumweleza, akaona maelezo yenyewe yanamwishia njiani, akasema, "Mbishi huyu." Likakaa.

Nataka kusimulia mwaka alipoomba nafasi ya mafunzo kazini kwenye benki ya uwekezaji. Si benki ya kupanga foleni na kuweka akiba. Ni ile inayoyatafutia makampuni makubwa mitaji, na kampuni moja ikitaka kuinunua nyingine, wao ndio wanaokaa katikati na kupiga mahesabu. Yeye ndiye aliyenielewesha hivyo. Baba alipoulizwa na wateja alisema tu, "Anaenda benki," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwanza muijue nyumba yetu, maana bila nyumba hiyo hakuna kisa. Baba ni fundi wa friji. Chumba cha mbele, ambacho kwa wenzetu kingekuwa sebule, ni karakana. Friji zimesimama wima kama wageni waliokosa viti, milango imeng'olewa na kuegemezwa ukutani, na harufu ya rangi ya kupuliza haitoki hata ufungue madirisha yote. Kompresa ikijaribiwa inanguruma mpaka vikombe vinatembea kwenye rafu ya jikoni. Juu ya hayo yote, baba ana tabia ya kuongea na friji. Anainama nyuma yake na kuuliza kwa sauti nzito, "Haya mama, unaumwa wapi?" Kisha anajijibu kwa sauti nyembamba, "Gesi, fundi. Imeniishia." "Imevujia wapi?" "Tazama kona ya chini." Naye anatazama kona ya chini. Wateja wapya hudhani kuna mtu amejificha huko nyuma.

Katikati ya kelele hizo ndipo Mbishi alipojifunza kusoma. Ili ajisikie mwenyewe, alisoma kwa sauti, na mtindo alioujua ulikuwa ule wa baba. Anajiuliza kwa sauti nzito, anajijibu kwa sauti yake. "Haya mama, saba mara nane?" "Hamsini na sita, fundi." Tulimzoea kama tulivyozizoea kompresa. Kwa njia hiyo alipanda darasa kwa darasa mpaka chuo kikuu, akasomea takwimu. Kwenye ukumbi wa mitihani alijibana, akachezesha midomo tu, na kwa kuwa mitihani ya chuo ina muda wa kutosha, aliweza.

Sasa benki hizi hazikuiti ofisini mara moja. Unatuma maombi, kisha wanakuletea mitihani kwenye kompyuta. Upo wa majedwali na grafu, ambapo kila swali lina saa yake inayohesabu kurudi nyuma, na ukipepesa macho limepita. Upo wa kusoma aya na kuamua kama sentensi ni kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana. Upo wa kukuchunguza tabia. Halafu kuna michezo, ambayo si michezo. Na muda wote huo kamera ya laptopu inakutazama.

Mbishi alifanya mazoezi asubuhi kabla baba hajafungua kazi. Meza yake ilikuwa friza ya kulala iliyokosa kompresa, anakaa juu ya kreti, laptopu juu ya mfuniko. Alitafuta mitihani ya majaribio kila pembe ya intaneti. Mimi nilikuwa nakunywa chai mlangoni kabla ya kwenda kazini kwangu; mimi ni mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kwa hiyo nilimsikiliza kila siku. Majedwali yalimkubali. Aya nazo zilimkubali. Ule wa tabia ndio aliogombana nao.

"Dada, sikiliza hili," aliniambia asubuhi moja. "Bosi wako amekosea hesabu mbele ya mteja. Unafanya nini? Moja, unanyamaza. Mbili, unamwambia bosi baadaye, faraghani. Tatu, unamwandikia mkubwa wake. Nne, unamuuliza mwenzako."

"La pili," nikasema. "Hilo ndilo wanalolitaka."

"Najua wanalolitaka. Na mteja je? Ameshaondoka na hesabu ya uongo."

"Mbishi, bonyeza la pili."

Alibonyeza la pili huku amenuna kama mtu aliyelazimishwa kuomba msamaha.

Michezo ilituvuta sote. Kulikuwa na mmoja wa kupuliza puto kwenye skrini. Kila ukipuliza unapata alama, likipasuka unazipoteza zote, na wao wanapima ujasiri wako na woga wako. Mama alijaribu, akapuliza mara moja, akasema limetosha. Baba akapuliza mpaka likapasuka, akasukuma laptopu pembeni na kusema puto lile lina leki. Mbishi alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akachukua karatasi na kuanza kuandika ni mara ngapi linapasuka, kwa sababu hakuamini kwamba kitu cha kompyuta kinapasuka ovyo.

Kilichomshinda mama kabisa ni usaili wa video. Swali linatokea, unapewa muda mfupi wa kufikiri, kisha unaongea peke yako.

"Unaongea na nani hapo?" mama aliuliza.

"Na kamera."

"Inakujibu nini?"

"Haijibu. Inarekodi."

Mama alimtazama mwanawe kwa huruma. "Watu wanaoa na kuolewa kwa kuonana uso kwa uso, na bado wanakosea. Hawa wanachagua mtu gizani."

Kulikuwa na kijana aliyekuwa akisoma naye chuoni, tukimwita Mtanashati kwa sababu mashati yake hayakuwahi kukutwa na mkunjo. Siku moja alikuja nyumbani, akatafuta pa kukaa pasipo na grisi, akakosa, akabaki amesimama.

"Unajitesa bure," alimwambia Mbishi. "Kuna jamaa anafanya hiyo mitihani. Wewe unakaa mbele ya kamera, yeye anaingia kwenye laptopu yako akiwa huko aliko, anabofya. Kazi yako ni kukunja uso kama unayefikiri."

"Na nikipata kazi, jamaa atakuja kukaa ndani ya nguo zangu?"

"Kila mtu anafanya hivyo."

"Basi mimi si kila mtu."

"Haya. Utabaki na friji zako."

"Friji hizi zimenilea," Mbishi akasema, na akamfungulia mlango.

Siku ya mtihani wenyewe ilipowadia, nilimwomba daktari wangu wa meno atuazime chumba chake Jumapili mchana, kwa kuwa masharti yalitaka chumba kitulivu na mtahiniwa awe peke yake. Daktari akakubali bila maneno mengi. Mbishi akakaa kwenye meza yake, nyuma yake picha kubwa ya gego lililopasuliwa katikati. Nikafunga mlango, nikakaa nje kwenye kiti cha wagonjwa.

Baada ya kitambo kidogo nikaanza kumsikia. "Haya mama, mauzo ya mwaka wa pili yamepanda kwa asilimia ngapi?" "Subiri fundi. Gawanya kwanza." "Nagawanya kwa nini?" "Kwa ya mwaka wa kwanza, siyo ya pili, utaumia." Nikatabasamu. Nilijua kwamba akiongea hivyo mambo yanakwenda. Alipotoka alikuwa ameloa jasho na anacheka. "Dada, nimewafinyanga," akasema.

Jibu lilikuja katikati ya wiki. Baba alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya friji, mimi na mama tulikuwa tunachambua mchele. Mbishi akasoma kwa sauti, kama kawaida yake: mfumo wa usimamizi umebaini uwepo wa mtu wa pili chumbani akimsaidia mtahiniwa, huo ni udanganyifu, maombi yamefungwa, uamuzi ni wa mwisho, tafadhali usijibu ujumbe huu.

Kwanza alicheka. "Mtu wa pili," alisema. "Wamemsikia fundi." Kisha akakaa juu ya friza na kicheko kikamkauka. Baba alitoa kichwa nje ya friji, akatutazama mmoja mmoja, na nikaona ameelewa. Alirudi ndani ya friji.

Mchana ule wote baba alifanya kazi kimya. Hujui jinsi nyumba yetu inavyoweza kuwa kubwa mpaka baba anyamaze. Alifungua kompresa, akaifunga, akaijaribu, hakuiuliza hata neno. Mwishowe Mbishi alikwenda akasimama mbele yake.

"Baba, ongea."

"Niongee nini?"

"Ongea na hiyo friji. Usinifanyie nyumba kama ya msiba."

"Mimi ndiye niliyekuambukiza mwanangu. Mtoto wa watu wengine angekaa kimya, angepita."

"Mtoto wa watu wengine asingejua kugawanya. Ongea baba. Hawa watu nitawafuata mwenyewe."

Baba akafikiri, akainama. "Haya mama," akaiuliza friji, taratibu, "umetushinda au tuendelee?" Hakujijibu, lakini ilikuwa nafuu.

Jioni Mtanashati alituma ujumbe. Yeye alikuwa amepita. Aliandika neno moja tu: "Nilikwambia." Mbishi alinionyesha simu, akaiweka kifudifudi.

Chuoni kulikuwa na mshauri wa mambo ya kazi, mtu mpole. Alimwambia aache, aombe tena mwaka ujao, benki hizi hazibishiwi. "Mwaka ujao," Mbishi alimjibu, "wakifungua faili langu watakuta limeandikwa mdanganyifu. Nitaanza kuwaeleza kuhusu friji?" Mshauri akasema anaelewa hasira yake. Mbishi akasema yeye hana hasira, ana malalamiko, na hivyo ni vitu viwili.

Akapiga simu benki. Alihamishwa kutoka sauti moja hadi nyingine, akachezewa muziki, akakatiwa, akapiga tena. Kila aliyepokea alisema ni mfumo. Ndipo aliponijia mimi.

"Dada, wewe unakaa mapokezi. Mtu akitaka kuonana na daktari na wewe hutaki, anafanya nini akakushinda?"

Nikamwambia kile ambacho hatuwaambii wagonjwa. Anayepiga kelele si tatizo. Tunamwacha apige mpaka achoke. Anayeondoka akisema atarudi, huyo tumeshamsahau. Anayetushinda ni yule anayesalimia vizuri, anakaa kwenye kiti kilicho mbele ya macho yako, na haondoki. Hana kosa lolote, huwezi kumfukuza, na kila ukiinua kichwa yupo.

"Basi," alisema.

Siku ya kwanza alikwenda peke yake. Jengo la benki lina ukumbi wa chini wenye sakafu inayong'aa hadi unaona aibu kuikanyaga, makochi ya ngozi, na dawati refu la mapokezi. Alimsalimia dada wa pale, akaeleza shida yake, akaambiwa hakuna mtu wa kumwona, akashukuru, akakaa. Alikaa mpaka wanafunga. Hakuna aliyeteremka. Kesho yake mimi kliniki nilikuwa na zamu ya asubuhi tu, nikamfuata mchana. Nilimkuta kwenye kochi lile lile, laptopu mapajani, anafanya mtihani wa majaribio kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana. Mlinzi alikuwa amesogea karibu. Nilidhani anataka kumtoa, kumbe anasikiliza.

Dada wa mapokezi alikuwa ameshapiga simu juu mara kadhaa. Nilimwona anavyotutazama, nikamhurumia, maana nilijua anavyojisikia. Hatimaye lifti ikafunguka. Akatoka mwanamke wa makamo, suti nzuri ya kijivu, miwani imening'inia kifuani, na miguuni ndala. Nadhani alivua viatu mezani kwake na hakutegemea kukaa huku chini muda mrefu. Alikuwa ndiye afisa wa ajira.

"Wewe ndiye binti wa simu?" aliuliza.

"Ndiye. Shikamoo mama."

"Marahaba. Binti, uamuzi wa mfumo hatuubadilishi. Ungetuandikia tu."

"Ujumbe wenu ulisema nisijibu. Na sijaja kuomba mbadilishe. Nimekuja kuuliza ni nani aliyeisikiliza ile rekodi yangu."

"Mfumo."

"Mfumo umesikia. Mimi nauliza nani amesikiliza."

Afisa alivaa miwani yake, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Tunapokea maombi mengi mno. Hatuwezi kusikiliza kila mtu."

"Kukataliwa nakubali mama, wengi wanakataliwa. Kuitwa mdanganyifu sikubali. Asikilize mtu mmoja tu mwenye masikio. Akisikia watu wawili, nitaondoka hapa na hamtaniona tena."

"Na huyu ni nani?" alinigeukia mimi.

"Dada yake," nikasema.

"Siku ya mtihani ulikuwa wapi?"

"Nje ya mlango."

"Hukuingia ndani?"

"Sikuingia. Nilimsikia tu."

"Ulisikia watu wangapi?"

"Nilimsikia yeye, mara mbili."

Alitutazama kidogo, akageuka na ndala zake, akarudi kwenye lifti. Mbishi akakaa. Mimi nilibaki nikiutazama mlango wa lifti. Yeye alifungua laptopu akaendelea alipoishia.

Afisa alirudi kabla mlinzi hajabadilishwa zamu. Midomo yake ilikuwa imebanwa kama mtu anayezuia chafya. Akakaa kwenye kochi la pili, akashusha sauti.

"Yule mzee ni nani?"

"Ni mimi."

"Anayesema, 'Haya mama, asilimia ngapi'?"

"Ni mimi."

"Na huyo mama anayeulizwa?"

"Ni mimi pia."

"Fanya nisikie."

Pale pale, katikati ya makochi na watu wenye tai wanaopita, mdogo wangu akafungua jedwali na kuanza. Sauti nzito ikauliza, nyembamba ikajibu, nzito ikabisha, nyembamba ikamsahihisha, mpaka jibu likapatikana. Watu wawili waliokuwa wanasubiri lifti waliiacha ikaenda. Sikujua niangalie wapi. Yeye hakuangalia pembeni hata mara moja.

"Nani alikufundisha hivyo?" afisa aliuliza alipomaliza.

"Baba yangu. Ni fundi wa friji."

Afisa alivua miwani. "Nitaifuta ile tuhuma," alisema. "Na nitakufungulia urudie mtihani. Lakini safari hii kimya, binti. Mfumo ni ule ule, nao hautakuelewa."

Njiani nilikuwa nimefurahi hata nikataka kuimba. Mbishi alikuwa anafikiri. Nyumbani alijaribu kukaa kimya, na mnielewe, alijaribu kwa dhati. Alijaza maji mdomoni ili asiweze kuongea, akawasha mtihani wa majaribio. Mashavu yamejaa, macho yamemtoka, saa inahesabu. Mimi, baba na mama tulisimama nyuma yake kama watu wanaotazama mpira. Maswali yalimpita moja baada ya jingine. Mwishowe aliyameza yale maji, akatazama alama, zikawa mbovu kuliko zile za siku ya kwanza kabisa aliyoanza mazoezi. Alirudia na kitambaa mdomoni. Akarudia akiwa ametafuna andazi kubwa, hili lilikuwa wazo la mama. Ikawa vile vile.

Akachukua simu, akampigia afisa mbele yetu sote.

"Mama, kimya siwezi. Na nimefikiri, nikaona sitaki pia."

Sisi tulisikia upande wake tu, lakini baadaye alitueleza upande wa pili. Afisa alimwambia wenzake wote wanafanya kimya.

"Mliandika kwamba mnapima hesabu," Mbishi akamjibu. "Kama mnapima kimya, semeni, nijiondoe mwenyewe."

Mama alinikandamiza mkono mpaka ukaniuma. Alikuwa anatikisa kichwa, akimaanisha mtoto huyu ameipata nafasi, sasa anaitupa. Baba yeye alikuwa ameshika bisibisi na kutazama sakafu, lakini nilimwona anatabasamu.

"Basi njoo ufanyie hapa," afisa alisema hatimaye. "Nitakaa nawe mimi."

Alifanyia kwenye chumba cha mikutano chenye kuta za kioo, ghorofa ya juu, afisa amekaa upande wa pili wa meza na kikombe chake. Mimi sikuruhusiwa kupanda. Haya ni aliyonisimulia. Aliniambia mwanzoni sauti ilimkwama. Kila aliyepita nje ya kioo alipunguza mwendo. Kijana mmoja aliita wenzake waje waone. Swali la kwanza likampita, la pili likampita nusu. Akaona akiendelea kuwaangalia wao atarudi nyumbani na aibu ya pili. Akageuza kiti, akawapa mgongo, akasema kwa sauti kamili kama ya baba, "Haya mama, hawa tuwaache na kazi zao. Grafu inasema nini?" Kuanzia hapo, alisema, hakumbuki kioo wala watu.

Alipita. Usaili wa video akaufanyia nyumbani, mama amewafungia wateja nje. Kisha akaitwa mbele ya jopo la watu watatu, na safari hii walikuwa na nyuso. Mmoja alisoma kwenye faili yote yaliyotokea, akamuuliza kama huwa anabishia maamuzi.

"Nikiona si sahihi."

"Na ukiambiwa uamuzi ni wa mwisho?"

"Nauliza ni nani amesema, na alitazama nini kabla ya kusema."

Yule mtu aliandika kitu. Mbishi alirudi akiwa na hakika kwamba amekosa, na akasema hajutii hata neno. Wakamchukua.

Mtanashati naye walimchukua. Najua mlitaka niwaambie aliumbuka mlangoni, lakini hapana, aliingia na shati lake limenyooka, akapewa meza jirani na ya mdogo wangu. Aliumbuka kidogo kidogo, kwa namna ambayo wengine hawakuiona. Wiki za mwanzo tu alimjia na jedwali refu, akamwomba amsaidie, maana linatakiwa kabla ya chakula cha mchana.

"Mwite yule jamaa yako," Mbishi alimwambia, bila kuinua kichwa.

Alimwomba tena siku nyingine, kwa upole zaidi. Siku hiyo Mbishi alimvutia kiti na kumwambia, "Kaa. Sitakufanyia. Nitakuonyesha mara moja, kisha utafanya mwenyewe na mimi nakutazama." Akakaa. Sijui kama wamekuwa marafiki. Mbishi anasema hapana.

Mafunzo yalipoisha walimpa kazi, na bado yuko pale. Lakini siku ninayopenda kuisimulia ni ile ya kwanza alipokwenda kuripoti. Baba aliamka na kuvaa shati lake la kwenda kwenye harusi. Alisema atampeleka mwenyewe na pikapu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na friji mbili za mteja, zimefungwa kamba, na hapakuwa na muda wa kuzishusha. Nilimvuta Mbishi pembeni, nikamwambia ashukie kwenye kona, atembee kidogo, watu wa ofisini wasije wakaanza siku kwa kumcheka.

"Kwenye kona kuna nini?" aliniuliza.

Nilipanda nao, katikati, nimebanwa kati ya baba na mlango wa friji ndogo uliokuwa ndani. Tulifika. Baba alisita pale penye kona, akapunguza mwendo, akamtazama mwanawe. Nadhani naye alikuwa amefikiria vile vile.

"Twende mpaka mlangoni baba."

Tukaenda mpaka mlangoni, pale wanaposhukia watu wa magari meusi. Mbishi alishuka, akanyoosha sketi yake, akachukua begi. Mlinzi alikuja haraka huku anapunga mkono, akimwambia baba aondoe hilo gari, hapo si mahali pa mizigo. Baba akaanza kuhangaika na gia, pikapu ikazima. Nyuma yetu gari likapiga honi. Mbishi alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Aligeuka, akateremka, akasimama mbele ya mlinzi.

"Kaka, za asubuhi. Huyo ni baba yangu, amenileta kazini. Anageuza gari. Mpe nafasi."

Mlinzi alimtazama yeye, akazitazama friji, akamtazama baba na shati lake la harusi. Kisha akaenda kulizuia lile gari la nyuma, akainua mkono, na kuanza kumwelekeza baba taratibu, kulia, kulia, hapo hapo, njoo.